Mbolea Chini ya Zulia

Datsun ya Mama Rodah iliingia gereji ya Mbuthia asubuhi ya Jumanne ikiwa imelala upande wa kushoto, kama kuku aliyevunjwa mguu kwa jiwe. Kati ya ekseli na tumbo la gari palikuwa na kigogo cha mblugamu kilichofungwa kwa waya wa ua. Kwa kigogo hicho, mwanamke wa miaka sitini na mmoja alikuwa ameliendesha gari kutoka Mogogosiek hadi Sotik, gia ya kwanza na ya pili, kwenye tope la Novemba ya mwaka wa tisini na saba, mwaka ambao mvua ilikuja ugenini ikasahau njia ya kwao.

Alizima injini, akashuka na gambuti zake, akamsalimu kila mtu kwa jina. Ndipo akasema shida yake.

"Mzee Mbuthia, hii mguu ya nyuma imekataa. Jana kwa daraja, nimebeba mwalimu na watoto wa shule, nilisikia pwaa, nikajua mguu mmoja umeenda. Nataka ikuwe imepona Jumamosi asubuhi. Si Jumamosi jioni."

"Kuna arusi?" Mbuthia aliuliza huku akipangusa mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa Kiambu aliyefika Sotik mwaka wa sabini na mbili na sanduku moja la spana, na sasa Kipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wengi wa hapo.

"Kuna Mellen."

Hakuna aliyecheka. Mellen alikuwa mke wa mkulima mmoja ng'ambo ya mto, kule juu. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, na daktari wa hospitali ya misheni alikuwa amesema waziwazi kwamba wa pili atatoka kwa njia hiyo hiyo, kwamba uchungu usimkute nyumbani hata siku moja. Kitanda kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake siku ya Jumamosi. Lakini kutoka kwake hadi lami ni kilomita kumi na moja za mteremko, na tangu pikapu moja iteleze na kulala kwenye majani chai wiki iliyopita, hakuna mwenye gari aliyekubali kwenda huko. Isipokuwa Rodah. Alikuwa nesi wa zahanati miaka thelathini, na tangu astaafu Datsun ya marehemu mumewe ndiyo iliyokuwa machela ya lokesheni nzima.

"Gari isipopona," alisema Rodah, "watambeba kwa kitanda. Wanaume wanane. Na nyinyi mnamkumbuka yule wa mwisho aliyebebwa kwa kitanda."

Walimkumbuka. Hakufika.

Mbuthia alipiga magoti, akachungulia chini ya gari, akainuka akishika kiuno. "Ni kishikio cha springi tu kimeachia. Piga kiraka, paka lami. Kesho kutwa mama anaenda nyumbani. Chepchirchir, ingia uone."

Chepchirchir ndiye aliyekuwa mchomeleaji wa gereji ile, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye cheti cha chuo cha ufundi na alama za cheche mkononi hadi kwenye kiwiko. Watu wa sokoni walimwita Mama Geti, kwa sababu waliamini mwanamke akishika mashine ya kuchomelea basi ni kwa ajili ya mageti na vitanda, si kwa ajili ya vitu vinavyobeba roho za watu. Hakuwahi kuwajibu. Aliacha mageti yao yafunguke na kufungwa.

Alitandika gunia kavu, akaingia chini ya gari kwa mgongo, na tochi mdomoni.

Nyuma ya Datsun ile ilikalia springi mbili, moja kila upande, mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine. Ncha ya mbele ya kila springi hushikwa kwa bolti kwenye kishikio, na kishikio huchomelewa kwenye boriti ya bati lililokunjwa kama sanduku refu, inayopita chini ya sakafu. Upande wa kushoto kishikio kilikuwa kimening'inia, na kipande cha boriti kimekuja nacho. Juu ya kipande hicho palikuwa na kiraka cha zamani kilichopakwa lami. Chepchirchir aliikwangua lami kwa bisibisi.

Mshono wa weldi ukatokea. Ulikuwa mshono mzuri, umejipanga sawasawa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Mwishoni haukukatika ghafla. Ulirudi nyuma kidogo na kuzunguka, ukaacha mkia uliopinda kushoto.

Aliitoa tochi mdomoni.

Chuoni walifundishwa kwamba mshono usiachwe ukingoni na shimo lake, urudishwe nyuma kidogo ulijaze. Wenzake wote walirudisha kwa kulia. Yeye peke yake alitumia mkono wa kushoto. Katika Sotik nzima hapakuwa na mwingine.

Akakumbuka. Septemba ya mwaka wa tisini na tano, mwezi wake wa kwanza kazini. Mzee Kiplimo, mume wa Rodah, alikuwa hai bado, na alisimama hapo nje bila kuketi kwa sababu lori la mbolea ya kiwanda lilikuwa limefika kituo cha kununulia majani chai, na yeye ndiye aliyewabebea majirani. Mbuthia alisema, kiraka. Chepchirchir alipiga kiraka kwa saa moja, na Mbuthia akawaita mafundi wengine waje wauone ule mshono. Sifa hizo alizinywa wiki nzima kama mursik, maziwa ya kibuyuni.

Na sasa hiki hapa. Mshono haukuwa umevunjika popote. Uling'oka mzima na bati lililoushika, kama kigaga kinavyong'oka na ngozi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote juu ya fundi anayeuziba ufa kwa chokaa akasifiwa kwa weupe.

Alikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

"Umelala huko?" Mbuthia aliuliza.

Alitoka, akaenda nyuma ya gari na kufungua mlango. Akakunja kiti, akalishika zulia pembeni na kulivuta. Liliachia kwa shida, likitoa harufu kali iliyowachoma pua wote watatu. Chini yake sakafu haikuonekana. Palikuwa na ukoko mweupe wa kijivu, unyevu, ulioganda kwenye kila pembe na kila mkunjo wa bati, hasa upande wa kushoto. Mbolea ya chai. Kila Septemba kwa miaka kumi na tano magunia yalipakiwa hapo, moja likatoboka, lingine likamwaga kidogo, na punje zikateleza chini ya zulia hadi ndani ya boriti, zikakaa humo zikivuta maji na kukila chuma polepole. Chepchirchir aliweka ncha ya bisibisi juu ya ukoko, akasukuma kwa kidole kimoja. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na tope la uani likaonekana kupitia tundu.

"Eish," alisema Mbuthia.

"Hii gari inaoza kutoka ndani," alisema Chepchirchir. "Kiraka kikipigwa kwa chini kinashika kutu. Na kile cha kwanza nilipiga mimi."

Mbuthia alimtazama kwa jicho la kumwambia anyamaze. "Mwari," alisema, akimwita binti kwa Kikikuyu, "kutu haina mwenyewe. Gari ya miaka ishirini—"

"Nilipiga mimi, Mzee. Ule mkia ni wangu. Na jana mwalimu na watoto walikuwa juu yake."

Rodah aliingiza mkono ndani, akachukua punje mbili za mbolea, akazisugua kwa vidole kama mtu anayepima unga. Kisha akauliza kwa sauti ya wodini, ile isiyopanda wala kushuka:

"Ulijua kulikuwa kumeoza?"

"Sikujua, kogo," alisema Chepchirchir, kama mtu anayemjibu nyanya yake. "Niliangalia chini. Sikuinua zulia."

"Sikiliza. Mtoto akitoka, watu wote wanashangilia. Nyanya anapiga kelele, baba anatafuta kuku. Mkunga haendi kunawa. Anashika kondo la nyuma, analigeuza hivi na hivi, anaangalia kama limetoka lote. Kikibaki kipande kidogo kama ukucha, mama anakufa siku ya tatu, na mtoto wake ni mzuri, na kila mtu anasema kazi ilikuwa safi." Akapangusa vidole kwenye sketi. "Nilikosea mara moja. Mwaka wa sitini na nane. Sijawahi kusema sikujua. Nasema sikuangalia."

Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati ya gereji.

"Basi utaipeleka kwa mwingine," alisema Chepchirchir. "Kericho kuna mafundi."

"Nani alikwambia naipeleka? Mwingine atanipigia kiraka, kwa sababu hakuna kinachomwasha. Wewe kinakuwasha. Utafanya nini, na itachukua siku ngapi?"

"Nitakata yote. Mpaka nipate chuma inayolia. Halafu nijenge boriti upya na kishikio kipya, kushoto na kulia."

"Kulia haijavunjika," Mbuthia alidakia.

"Bado."

"Siku nne, stima ikikubali," aliongeza Chepchirchir. "Stima ikikataa, siku nne vilevile."

Rodah alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mamako alikupa jina la mtoto aliyezaliwa mbiombio. Tuone."

*

Jumatano alfajiri gari lilikuwa juu ya magogo. Chepchirchir alitoa betri, akakausha tangi la petroli na kulipeleka mbali uani, chini ya mabati ya kuku, kwa sababu moto na mvuke wa petroli hawali sahani moja. Akatoa viti na zulia. Mbolea aliikomba kwa mwiko, ikajaa nusu debe. Mke wa Mbuthia, Priscillah, aliichukua akaimwaga kwenye sukuma wiki yake. "Angalau kitu kimoja kitapona," alisema.

Kisha akaanza kugonga. Nyundo ndogo, kila upana wa vidole viwili, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia, ting. Kilichooza husema du, kama mtu anayejibu akiwa amejifunika blanketi. Kila mahali paliposema du alipiga alama ya chaki. Alipomaliza, upande wa kushoto ulikuwa mweupe urefu wa mkono mzima. Upande wa kulia ulikuwa na alama saba kukizunguka kishikio.

Mbuthia alizihesabu hizo saba. "Hizi ni kutu ya juu. Piga brashi, paka rangi. Ukifungua kulia pia hutamaliza, na mama atabaki bila gari kabisa. Mwenye njaa hupewa nusu mkate."

"Mzee, springi mbili zinabeba pamoja. Nikiweka kushoto mpya kabisa, mzigo wote utaegemea kulia na kuivunja. Nitakuwa nimehamisha kaburi tu."

"Na ni nani alikufundisha kazi hapa?"

"Ni wewe."

"Basi?"

"Basi nimejifunza," alisema, akavaa miwani.

Mzee Mbuthia aliondoka akanywe chai, na hakurudi mapema.

Saa saba mchana mvua ya mawe iliishukia Sotik kana kwamba mtu amemwaga kokoto juu ya mabati. Saa saba na nusu stima ikapotea. Grainda ilinyamaza katikati ya boriti. Mafundi wengine walikusanya vyombo vyao wakaketi kupiga soga, kwani stima ikienda saa hiyo hurudi inapotaka. Chepchirchir aliitazama grainda, akaiweka chini, akachukua patasi na msumeno wa chuma. Alikata kwa mkono hadi kiza kilipoanza kuingia. Kila kipande alichokitoa alikivunja kwa vidole kama biskuti, akakitupa kwenye karai, akaendelea, mpaka ncha ya patasi ikakataa kuingia na chuma kikalia ting.

Kiganja chake cha kushoto kilitoka malengelenge mawili. Kesho yake yalipasuka. Akakifunga kwa kitambaa, akaanza upande wa kulia.

Boriti ya kulia alipoifungua ilikuwa na ukoko uleule ndani, na bati limebaki jembamba kama karatasi ya gazeti. Lingeshika mwezi mmoja, labda miwili. Au lingeshika hadi Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye daraja. Hakumwita mtu aje aone. Alikiacha kipande hicho juu ya meza, mahali ambapo mtu akipita lazima akione.

Mbuthia alipita. Alikichukua, akakishika kuelekea dirishani, na mwanga ukapenya kwenye vitundu kama nyota. Kisha akavua koti, akaenda nyuma ya gereji, akarudi akiburuta bati nene la milimita mbili alilokuwa amelificha tangu mwaka jana kwa ajili ya pikapu yake mwenyewe.

"Hii ni chuma ya ukweli," alisema. "Usiipoteze kwa mageti."

"Asante, Mzee."

"Usiniambie asante. Niambie nishike wapi."

Chepchirchir alichora boriti mpya kwanza kwenye karatasi ngumu ya katoni ya sabuni, akaikata kwa mkasi, akaijaribu mahali pake, akapunguza hapa, akaongeza pale. Fundi anayekata chuma kabla ya kukata karatasi ana chuma nyingi au akili kidogo. Katoni ilipokaa bila kusukumwa, aliihamishia kwenye bati, akalikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Kishikio chenyewe alikitengeneza kwa bati hilohilo, maradufu. Jioni ya Alhamisi vipande vyote vilikuwa sakafuni, vimepangwa kama nguo za mtoto ambaye hajazaliwa.

*

Stima ilirudi Ijumaa saa mbili asubuhi. Chepchirchir aliweka vipande mahali pake na kuvishikiza kwa nukta za weldi, nne kila upande, za kushika tu. Mbuthia alikuwa amelala chini, ameusukuma ubao juu kwa miguu yote miwili ili bati likae, akilaani mgongo wake kwa Kikikuyu.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, Chepchirchir alichukua uzi wa mkonge. Alipima kutoka bolti ya gurudumu la mbele la kulia hadi tundu la kishikio cha kushoto, akafunga fundo. Kisha kutoka bolti ya mbele ya kushoto hadi tundu la kulia. Fundo halikufika. Palibaki upana wa kidole.

"Kidole kimoja?" alisema Mbuthia kutoka chini. "Mwari, barabara ya Mogogosiek yenyewe imepinda kilomita nzima. Gari haitajua."

"Ekseli itajua. Itaenda upande kama kaa, na kwa tope itavuta nyuma kuelekea majani chai. Pale pikapu ililala."

"Ni saa tano saa hii."

"Naona."

Alizikata nukta zote nne za upande wa kulia kwa patasi. Ikawa kama kufumua sweta iliyobaki mkono mmoja. Akasogeza bati, akashikiza, akapima. Nusu kidole. Akakata tena. Mara ya tatu fundo liligusa ukingo wa tundu pande zote mbili, sawasawa, na Mbuthia akaishusha miguu yake chini.

Ndipo alipovaa ngao ya uso.

Alichomelea kidogo kidogo, urefu wa kidole gumba hapa, kisha anaruka upande wa pili, ili bati lisipate moto mahali pamoja likajipinda. Alichomelea kutoka chini, kisha akaingia ndani ya gari na kuchomelea kutoka juu, mahali ambapo miaka miwili iliyopita hakuinua zulia. Cheche ziliingia kwenye kola yake, na hakuinuka. Stima ilipokatika saa nane alibaki amepiga magoti palepale, rodi mkononi, akingoja. Ilirudi saa tisa na robo, na akaendelea kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Alipomaliza aliligonga ganda la kila mshono hadi chuma kikang'aa. Akagonga boriti kwa nyundo ile ndogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Ting. Ting. Ting. Akatoboa matundu mawili chini ya kila boriti ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu ndani na nje, na ilipokauka, akamimina oili chafu kwenye kila mkunjo.

Mishono yote ilikuwa na mkia uliopinda kushoto. Hakupaka lami juu yake.

"Watu wataona," alisema Mbuthia.

"Ndiyo."

*

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Rodah alifika akiwa amevaa sare yake ya zamani ya nesi, iliyopigwa pasi. Alizunguka gari, halikulala upande wowote. Akauliza ufunguo.

"Tunaenda pamoja," alisema Chepchirchir. "Wewe endesha. Mimi nakaa nyuma, kwa sakafu."

"Kwa sakafu?"

"Nataka kusikia."

Walipakia madebe manne ya maziwa yaliyojazwa maji, uzito wa watu wawili na zaidi, na Chepchirchir akalala kifudifudi kati yake, sikio juu ya sakafu, juu ya mshono wa kushoto. Zulia lilibaki gereji. Rodah aliliendesha gari kama alivyokuwa akiendesha siku zote, yaani kana kwamba mtoto amekwisha kuanza kutoka. Kwenye lami hakuna kilichosikika. Kwenye murramu yenye matuta springi zilianza kusema, na Chepchirchir alihamisha sikio, kushoto, kulia, kushoto. Kwenye daraja lile lile Rodah hakupunguza mwendo. Gari lilipiga shimo, madebe yakaruka, kidevu cha Chepchirchir kikagonga chuma na ulimi ukatoka damu.

"Imesema nini?" Rodah aliuliza.

"Imesema aaah tu. Haijasema pwaa."

Walimwaga maji kando ya barabara. Walipokaribia kituo cha majani chai walimkuta Isaiah, mwenyekiti wa kituo, amesimama katikati ya njia na magunia matatu ya mbolea, mkono juu.

"Chamgei, Mama Rodah. Mungu amekuleta. Ni tatu tu, mpaka pale kwa kona."

Rodah alifunga breki. Chepchirchir aliuona mkono wake ukielekea ufunguo wa mlango wa nyuma, wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na tano. Jirani hakataliwi mbele ya mbolea. Huko juu, kumkatalia mtu gunia ni kumkatalia moto wa jikoni. Ndivyo mzee Kiplimo alivyoishi, na ndivyo gari lake lilivyooza.

Chepchirchir alitoa kichwa dirishani, mdomo ukiwa na damu.

"Mzee Isaiah, wewe panda. Gunia libaki."

"Lakini mimi sitaki kwenda popote. Gunia ndiyo inataka."

"Basi iende kwa miguu."

Isaiah alimtazama Rodah, akitafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. Mkono wa Rodah ulikuwa bado hewani. Akaurudisha kwenye usukani.

"Fundi amesema," alijibu. "Kongoi, asante Isaiah. Tafuta punda."

Kwa Mellen walimkuta ameketi nje kwenye kigoda, shuka mabegani, uso umekakamaa. Uchungu ulikuwa umeanza saa moja kabla. Wanaume wanane walikuwa wamekwisha kuleta kitanda na kamba. Rodah alimshika tumbo, akahesabu kimya, akasema neno moja tu: "Gari."

Walimlaza nyuma juu ya godoro, na mumewe akaketi miguuni. Chepchirchir alirudi mahali pake sakafuni, kando ya kichwa cha Mellen. Njiani kwenda chini hakuwa na nafasi ya kutega sikio. Mellen alikuwa ameshika mkono wake wa malengelenge, na kila tuta aliubana kama koleo. Mteremko ulikuwa utelezi mtupu. Pale ilipolala pikapu, nyuma ya Datsun ilianza kuvuta kuelekea majani chai, ikavuta kidogo, kisha ikashika, ikafuata magurudumu ya mbele kama ng'ombe anayejua zizi. Rodah hakugeuka. Daraja lilipita. Mellen alilia mara moja, na chuma chini yao hakikulia.

Saa nne na dakika kumi walikuwa hospitalini. Manesi wawili walitoka na kitanda cha magurudumu, Rodah akawaeleza haraka kwa maneno ya kazi yao, na milango ikafungwa nyuma yao. Mume alibaki amesimama na godoro mikononi, hajui alipeleke wapi.

Baada ya saa moja na nusu Rodah alitoka. Alikuwa amevua kofia.

"Ni msichana," alisema. "Mama anaongea. Anauliza nani alikuwa ameshika mkono yake."

Aliangalia huku na huku, akaona gambuti mbili zimetokeza chini ya Datsun, kwenye tope. Akangoja. Chepchirchir alitoka, akajipangusa uso akajizidishia matope, akaufungua mlango wa nyuma, akapanda, akaiangalia mishono yote ya juu kwa tochi, mmoja baada ya mwingine, akiigusa kwa kidole.

"Na wewe umeangalia?" aliuliza bila kugeuka.

"Kondo wamelitoa mbele yangu," alisema Rodah. "Nililigeuza mwenyewe hivi na hivi, wakanichekea. Limetoka lote."

Chepchirchir alizima tochi.

"Hata hii," alisema, "iko yote."

Rodah aliketi kwenye ukingo wa sakafu tupu ya gari, akavua gambuti moja, akamwaga maji. "Ukirudi gereji," alisema, "hilo zulia lichome."